Usukani wa Kilo Mbili na Robo: Maisha ya Zefania Kipkemboi Mutai, 14 Machi 1949 – 3 Oktoba 1998

Mbele yenu amelala kaka yangu. Mimi ni Edah Chepngetich, kitinda mimba wa nyumba yetu, na nimepewa kazi ya kuandika maisha yake kwa sababu moja tu: katika kila kamati ya Wakenya wa eneo hili mimi ndiye huandika muhtasari, na jamaa wakaona mtu aliyezoea vikao hatashindwa na maisha ya mtu mmoja. Nitafuata utaratibu kama inavyotakiwa: kuzaliwa, masomo, kazi, ndoa, ugonjwa. Lakini mnivumilie, gari litaingia kila mahali. Hata nyumbani kwake ndivyo lilivyokuwa, na mkewe atawathibitishia.

Marehemu Zefania alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 katika kijiji cha Kapkesosio, ambacho wakati huo kilikuwa katika wilaya ya Kericho na sasa kiko Bomet. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu Mzee Joel arap Mutai na marehemu Mama Rakeli. Mama alituhadithia mara nyingi habari za mwaka 1957, siku ya kuogesha ng'ombe kwenye josho. Afisa wa mifugo alikuja na pikapu aina ya Chevrolet, pua ya mviringo, rangi ya kijani. Zefania, miaka minane, alimsumbua dereva mpaka akaruhusiwa kupanda na kushika usukani. Akauvuta. Haukusogea. Akaweka miguu yote miwili ukutani mwa gari na kuuvuta tena mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na dereva akacheka hadi kofia ikaanguka. Yule mtoto alirudi nyumbani bila hata machozi, akamwambia Mama kwamba siku moja atakuwa na gari kama lile na litageuka. Mama alimjibu akateke maji.

Alisoma shule ya msingi pale pale Kapkesosio, akamaliza mwaka 1964, kisha akasoma sekondari kwa miaka miwili tu kwa kuwa karo ilikwama. Hakulalamika. Mwaka 1967 aliingia chuo cha ufundi mjini Kericho na akatoka mwishoni mwa 1969 akiwa fundi wa mitambo. Walimu wake waliandika kwenye cheti kwamba ni mwanafunzi mwenye bidii ila ni mbishi wa vipimo. Cheti kipo na maneno hayo yapo. Sisi ndugu zake tungeweza kuwaambia walimu hayo bila wao kumfundisha miaka mitatu.

Mwaka 1970 aliajiriwa kwenye gereji ya shamba moja la chai huko Kericho, akatengeneza matrekta, malori na mizani za kupimia majani kwa miaka kumi na minane. Ni mizani hizo zilizomletea mke. Mwaka 1974 wakulima wa kituo kimoja cha kununulia majani walinung'unika kwamba mizani yao inapunja, na Zefania akatumwa kuikagua. Karani wa kituo alikuwa binti mfupi, mwenye sauti, jina lake Rosemary Chepkirui. Zefania akaitundika mizani, akaipima kwa mawe yake ya vipimo, akakuta iko sawa.

"Nilikuambia," Rosemary akasema. "Mizani yangu haidanganyi."

"Nitarudi wiki ijayo kuhakikisha," fundi akajibu.

Alirudi wiki tatu mfululizo kukagua mizani isiyo na kasoro yoyote. Walifunga ndoa tarehe 11 Desemba 1976. Mizani yenyewe ilipostaafishwa, shamba likampa, naye akaitunza kuliko saa ya mkononi.

Mwaka 1986 Rosemary alipata nafasi ya kusomea uuguzi hapa Washington. Marehemu alimfuata mwaka 1988 pamoja na binti yao Domina, aliyekuwa na miaka mitano. Kwenye uwanja wa ndege, afisa wa forodha alifungua sanduku lake akitarajia nguo, akakuta mizani ya chuma yenye ndoana, imefungwa kwenye koti lake la pekee. Akamwuliza ni ya nini. Zefania akasema, "Tea." Afisa alimtazama sana, kisha akafunga sanduku. Walianza kuishi kwenye nyumba ya vyumba viwili Takoma Park, upande wa Maryland, karibu na stesheni ya treni ya Metro, na huko ndiko alikozaliwa Kibet mwaka 1989. Marehemu alipata kazi ya kutengeneza mabasi ya shule huko Rockville na hakuiacha mpaka mwili ulipomwachisha.

Mwaka 1993 Rosemary aliumia bega la kulia akimnyanyua mgonjwa. Walio wauguzi hapa wanajua ninachosema, kwa maana nusu yenu mna mgongo au bega linalouma mvua ikinyesha. Alifanyiwa upasuaji, akaambiwa asivute wala kusukuma kitu kizito kupita kilo nne kwa mkono ule, maisha yake yote. Mwaka uliofuata walihamia nyumba ndogo Wheaton, yenye banda la gari nyuma. Rosemary aliona bustani. Zefania aliona banda.

Machi 1996, kwenye ghala la shamba moja upande wa Frederick, marehemu aliliona gari. Chevrolet, pikapu, ya mwaka 1953, pua ya mviringo. Kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti. Alinipigia simu kazini, nikadhani kuna msiba.

"Edah, nimeipata."

"Umepata nini, kaka?"

"Ile ya josho."

Wamarekani wana jina la gari kuukuu lililotiwa injini yenye nguvu na viungo vipya: hot rod. Kaka yangu, mzee wa kanisa, alikuwa sasa mtu wa hot rod. Kufikia Oktoba mwaka huo injini mpya ilikuwa imekaa, breki mpya pia, na rangi ilikuwa ya kijani cha jani la chai. Kilichobaki ni sehemu ya mbele, yaani ekseli, springi na usukani, vitu vinavyobeba uzito wa mbele na kugeuza magurudumu. Vya asili vilikuwa vimechakaa. Afanye nini? Sisi watu wa hapa hatufanyi jambo bila kamati. Tuna kamati ya harusi, ya msiba, ya mtoto kuhitimu. Marehemu akaitisha kamati ya gari.

Muhtasari ninao. Jumapili tarehe 17 Novemba 1996, baada ya ibada, chumba cha chini cha kanisa letu Takoma Park. Waliohudhuria: watu tisa. Mwenyekiti: Bwana Gichuki, ambaye mnamfahamu kwa kupenda kugonga meza. Marehemu alieleza njia tatu. Ya kwanza, kurudisha ekseli ile ile ya asili, chuma kimoja kinachotoka gurudumu hadi gurudumu juu ya springi, na kuitia viungo vipya. Ya pili, kukata chasisi, yaani fremu ya chini, upande wa mbele na kuunganisha sehemu nzima ya mbele kutoka gari aina ya Camaro la miaka ya sabini. Ya tatu, kuchomelea boriti mpya ya chuma chini ya injini, ya mtindo wa gari dogo la Mustang la miaka hiyo, ambapo kila gurudumu linajitegemea na usukani unasaidiwa na pawa, yaani nguvu ya injini. Alisema hiyo ya tatu ingeshusha gari inchi nne.

Mara tu aliposema "kushusha," mkutano ukachafuka.

"Point of order," Gichuki akasema. "Mutai, hii gari si utaipeleka nyumbani uki-retire?"

"Ndiyo. Mwaka 2004."

"Sasa ukishusha inchi nne, mwezi wa Aprili utapanda Kapkesosio na nini? Na maombi?"

Mimi, katibu, nilisimama nikasema kwamba yale matope nayajua, kwamba yalimeza viatu vyangu vya ubatizo, na kwamba ekseli ya asili ndiyo peke yake isiyovunjika. Watu wakapiga makofi. Kura zikapigwa: nane za ekseli ya asili, moja ya kukataa. Aliyekataa ni Liévin, fundi wetu wa kuchomelea kutoka Uvira, ambaye alisema tu, "Muko munachagua barabara, hamuko munachagua gari." Hakuna aliyemwuliza ana maana gani.

Nimeusoma tena muhtasari huo wiki hii. Chini kabisa nimeandika kwa mkono wangu: "Chai iliandaliwa na Mama Domina." Ndipo jina la Rosemary linapoonekana, na halionekani tena. Watu tisa tulikaa Maryland tukichagua ekseli kwa ajili ya kilima ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekipanda mwezi wa Aprili kwa miaka minane, na aliyekuwa akitumiminia chai alikuwa na bega moja zima. Ninalisema hili hapa kwa sababu mimi ndiye niliyesimama na kusema, na sitaki liandikwe na mtu mwingine.

Marehemu aliheshimu uamuzi wa kamati. Mwaka mzima wa 1997 aliitengeneza ekseli ile, akasaga, akatia viungo vipya, akaisimamisha pikapu juu kama ile ya kwenye josho. Usukani ulikuwa mzito sana, lakini mikono yake ilikuwa mikono ya matrekta, na aliugeuza huku akicheka peke yake.

Tarehe 20 Februari 1998 madaktari walimwambia kwamba ana saratani ya tumbo na kwamba imeshasambaa. Alipouliza muda, alitajiwa miezi. Alirudi nyumbani, akakaa mezani, akaomba uji. Rosemary aliniambia kwamba aliumaliza wote, kisha akauliza kama kuna mwingine. Dawa za saratani za kutiwa mishipani zilianza Machi na zikamkausha. Kufikia Pasaka hakuwa na nguvu za kuugeuza usukani aliokuwa akiuchekea.

Jumamosi tarehe 18 Aprili alitaka gari litoke, likanyooshe miguu, kama alivyosema. Rosemary akaendesha, Domina katikati, marehemu dirishani. Mimi niliwafuata na Toyota yao. Barabarani lilikwenda. Kisha wakaingia kwenye uwanja wa kuegeshea wa maduka makubwa ya Wheaton, siku ya Jumamosi, na Rosemary akajaribu kukata kona kuingia nafasi. Likasimama katikati ya njia, pua huku, mkia kule. Nyuma yetu honi zikaanza. Nilishuka nikaenda dirishani.

"Baba Domina, hii kitu haigeuki."

"Vuta na mikono miwili."

"Mikono miwili ninayo? Niko na moja na nusu, na unajua."

"Mom, everybody's honking," Domina akasema.

Rosemary akauvuta mara moja tena, akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kutoka kwake, akazima injini na kuweka mikono mapajani. Alikuwa analia kwa hasira. Alisema, na nilikuwa umbali wa mkono mmoja: "Miaka miwili umetengeneza gari ya barabara ya Kapkesosio. Mimi niko Wheaton. Ukienda, nitabaki nayo kwa banda nikiipangusa vumbi? Sitaki gari ya kutazama. Nataka kuiendesha."

Hakuna aliyekuwa amelitamka neno hilo, "ukienda," mbele yake tangu Februari. Kaka yangu alinyosha mkono mbele ya Domina, akaweka kiganja juu ya usukani ambao mkewe alikuwa ameuachia, huku watu wakipiga honi. Kisha akasema, "Sawa." Vijana wawili wa maegesho walitusaidia kulisukuma.

Kesho yake, Jumapili tarehe 19, aliiita kamati nyumbani kwake. Gichuki alipotaka kufungua kikao, marehemu alimzuia. "Mwenyekiti, leo chai utamimina wewe. Mama Domina, keti hapa." Gichuki akamimina, na akamwaga nyingine kwenye kitambaa. Marehemu akasema kwamba anavunja uamuzi wa Novemba 1996.

"Mutai, kwa heshima," Gichuki akasema, "wewe ni mgonjwa. Tu-focus kwa treatment kwanza."

"Treatment ni ya daktari. Gari ni yangu."

Mimi nikaingilia. Nilimwuliza kwa nini asimwachie Rosemary Toyota, ambayo hugeuka kwa kidole. Alinijibu kwamba Toyota ilitengenezwa na watu asiowajua. Nikasema basi akishusha hilo gari litagonga kila jiwe nyumbani. Akaniangalia, kwa upole kabisa.

"Edah, halitaenda nyumbani. Na mimi siendi. Nizikeni hapa, mahali Rosemary anaweza kufika akiendesha mwenyewe."

Nitasema ukweli kwa kuwa niko mbele ya jeneza lake. Nilichukua mkoba wangu nikatoka. Baba na Mama wamelala Kapkesosio, na nilijua pale pale kando yao pana nafasi ya Zefania. Sikumsemesha kaka yangu mgonjwa kwa siku tisa, na siku hizo sitarudishiwa na mtu.

Katika siku hizo tisa yeye alifanya kazi. Aliitoa mizani ya chai. Aliifunga ndoana yake kwenye ukingo wa usukani wa pikapu, akavuta gari likiwa limesimama, akasoma: kilo ishirini na moja. Daktari wa bega alisema nne. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, aliipeleka mizani kanisani ajue usukani mwepesi ni wa kilo ngapi, na wengi wenu mliiona ikitundikwa kwenye usukani wa magari yenu, injini zikiwaka, mzee amefunikwa blanketi akisoma namba na kuziandika kwenye bahasha ya sadaka. Mchungaji alipimwa kilo mbili na nusu. Alifurahi kama aliyepita mtihani.

Zilibaki njia mbili, Camaro au boriti mpya. Zote zingempa Rosemary usukani mwepesi. Marehemu aliipenda ya Camaro, hata mimi nilijua, kwa sababu ilikuwa imara na ya kiume. Liévin alikagua chasisi, akapiga magoti, akainuka.

"Mzee, miye naweza chomelea, naweza fanya soudure ya zote mbili. Lakini iyo ya Camaro, tunakata châssis yote ya mbele. Ni miezi tatu. Tukikwama katikati, gari inakufa. Iyi ingine ni wiki tatu, ine. Uchague."

"Na urefu wa kupanda?" marehemu akauliza. "Rosemary ataweza kupanda bila kujivuta na mkono?"

"Kwa iyi ya boriti itashuka. Atapanda tu, sawa vile anaketi ku kiti."

Marehemu alichagua boriti siku hiyo hiyo na hakuirudia tena hoja ya Camaro. Inchi nne zile zile tulizozipigia kelele sasa ndizo zilizokuwa sababu ya kuchagua.

Siku ya kumi nilikwenda Wheaton na supu, nikiwa nimejiandaa kuomba msamaha kwa maneno mengi. Nilimkuta bandani peke yake juu ya kigoda. Ekseli ya zamani ilikuwa imelala sakafuni. Alikuwa ameng'ata ncha ya tepu ya kupimia kwa meno kwa sababu hapakuwa na mtu wa kushika upande wa pili. Akaitoa mdomoni.

"Shika hapo," akasema, kana kwamba nilikuwa nimetoka kidogo kuchukua chumvi.

Nikashika. Tangu siku hiyo mpaka Septemba, mimi ambaye sikuwahi kushika spana nililala chini ya gari lile kwa nguo za kazini. Alinifundisha kutundika timazi kutoka kwenye bodi, kuweka alama ya chaki sakafuni mahali kitovu cha gurudumu kinapopaswa kuwa, na kuisoma tepu. Nilipolegeza sauti kwa kuona alivyokonda, alinikemea: "Soma namba, Edah. Usinihurumie."

Zile wiki tatu au nne za Liévin zikawa miezi minne, maana hospitali ilimchukua mara tatu. Kila aliporudi alipitia bandani kabla ya kuingia nyumbani. Mwezi wa Julai boriti ilikuwa imeshikizwa kwa nukta chache za moto, tayari kuchomelewa moja kwa moja, nikapima kulia, nikapima kushoto, nikataja namba. Zilipishana robo inchi. Asubuhi hiyo alikuwa ametapika mara mbili. Akamwambia Liévin aikate yote na kuanza upya.

"Kaka, robo inchi nani ataiona?" nilimwambia, na nilikuwa nalia.

"Mkono wa Rosemary."

Liévin alivaa miwani yake akawasha mashine ya kukatia. Ilichukua siku mbili kurudi tulipokuwa, na nilipopima tena, namba za kulia na za kushoto zilikuwa moja. Marehemu alinitaka nipime mara ya tatu, kisha ndipo akamruhusu Liévin achomelee, kidogo kidogo, upande huu na upande ule, ili joto lisiipinde chasisi.

Jumamosi tarehe 12 Septemba 1998 gari lilishuka kutoka kwenye jeki. Marehemu hakuweza kusimama tena bila kushikwa. Liévin aliwasha injini, mimi nikaifunga ndoana ya mizani kwenye usukani, nikavuta, nikasoma kwa sauti ili hata Rosemary aliye mlangoni asikie: kilo mbili na robo. Rosemary akaja akaisoma mwenyewe, kwa kuwa yule ni karani wa mizani hadi leo.

"Haidanganyi?" kaka yangu akamwuliza.

"Haijawahi," akajibu.

Akapanda bila kujivuta. Tulimweka marehemu upande wa pili na mto. Wakaenda kwanza kwenye uwanja ule ule wa maduka, Jumamosi kama ile, yenye magari, na Rosemary akaliingiza kwenye nafasi, akalitoa, akaliingiza tena, mkono wa kushoto peke yake, wa kulia umetulia pajani. Kisha akashika barabara ya Georgia Avenue kwenda Takoma Park. Mimi nilikuwa nyuma na Toyota, tayari kwa lolote. Walipofika kanisani nilishuka haraka nikakimbilia dirishani, nikidhani kaka amezidiwa, maana kichwa kilikuwa kimeegemea kioo. Rosemary aliweka kidole mdomoni. Zefania Kipkemboi Mutai, ambaye kwa karibu miaka ishirini na miwili ya ndoa hakuwahi kufumba jicho kwenye gari lililoendeshwa na mtu mwingine, ambaye alimwongoza hata dereva wa basi, alikuwa amelala, na alikoroma.

Baada ya siku hiyo hakudai kitu. Alikaa nyumbani, akala alichoweza, akamsahihishia Kibet hesabu. Alifariki nyumbani kwake Wheaton, Jumamosi tarehe 3 Oktoba 1998, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na tisa. Rosemary alikuwa amemshika mkono, kwa ule wa kulia.

Kuhusu mazishi, wapo waliotaka kuunda kamati ya kumsafirisha, na wapo walionipigia simu wakijua msimamo wangu wa zamani. Nimewajibu wote na ninajibu hapa mara ya mwisho: kaka yangu alichagua, alikuwa na akili zake timamu, na alipima kabla ya kuchagua. Kapkesosio watafanya ibada Jumapili, na kaka yetu mkubwa atapanda mti pale nafasi ilipo. Mwenye nyumba ya mazishi alitushauri tuwe na gari la akiba nyuma ya pikapu, ikiwa mjane atashindwa katikati ya njia. Nilimwambia gari la akiba halihitajiki. Kutoka kanisani hadi makaburini hapa Rosemary mwenyewe amemwendesha mumewe, jeneza likiwa kwenye pikapu, na nyote mliofuata nyuma mmeona zile kona alivyozikata.

Marehemu ameacha mke, Rosemary Chepkirui. Watoto wawili, Domina na Kibet. Ndugu wanne walioko Kenya pamoja na mimi. Wapwa na mabinamu wengi. Wafanyakazi wenzake wa gereji ya Rockville. Gichuki, mwenyekiti, ambaye sasa anajua kumimina chai. Na Liévin, ambaye alipiga kura peke yake na alikuwa sahihi. Ameacha pia mizani moja, ambayo imebaki kwa karani wake.

Hapa huwa tunamwombea marehemu mapumziko. Ya kaka yangu yalianza tarehe 12 Septemba kwenye Georgia Avenue, kichwa kwenye kioo, mkewe akiwa kwenye usukani. Mungu, tunakuomba usimwamshe. Mwache alale vile vile, kwa amani.